"Mimi Nilisaini Tu": Je, Kutojua Kunatuondolea Hatia?



Mada ya leo ni pesa, kodi na dhamiri. Imetokana na swali la kijana mmoja wa VIWAWA hapa Morogoro. Mjomba wake ananunua kabichi na njegere kule Mgeta, juu milimani Uluguru, na kuzipeleka Dar. Sasa anataka biashara iandikishwe kwa jina la huyu kijana: TIN iwe ya kijana, pesa na hesabu zibaki kwa mjomba. "Frateri, ameniambia we saini tu. Nikisaini bila kujua kilichomo, nina dhambi gani?"

Swali zuri sana. Kabla ya kulijibu, tuwaangalie watu wawili waliocheza pamoja Barcelona.

Lionel Messi mnamjua. Julai 2016 yeye na baba yake walihukumiwa kifungo cha miezi 21 kwa kukwepa kodi ya euro milioni 4.1, ya mwaka 2007 hadi 2009. Malipo ya kutumia jina na picha yake yalipitishwa kwenye kampuni za Belize na Uruguay. Utetezi wake ulikuwa kwamba mambo ya pesa alimwachia baba. Yeye alicheza mpira na kusaini alicholetewa. Mahakama haikukubali. Aliyeweza kujua akachagua kutojua, bado anawajibika. Mwaka 2017 rufaa yake iligonga mwamba, na kifungo kikageuzwa faini.

Samuel Eto'o wa Kameruni naye alikiri kosa Juni 2022: kodi ya euro milioni 3.8, ya mwaka 2006 hadi 2009. Alipewa kifungo cha miezi 22 kilichoahirishwa, pamoja na faini. Alieleza kwamba alimfuata wakala wake kama mtoto anavyomfuata baba.

Umeona? Baba, wakala aliye kama baba, mjomba. Anayekuletea karatasi mara nyingi si adui, ni mtu unayempenda. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia. Upo ujinga ambao mtu hakuwa na njia ya kuuondoa. Huo unamwondolea lawama. Upo pia ujinga wa kujitakia: unaogopa kuuliza kwa sababu unahisi jibu halitakupendeza. Huo haukuokoi, maana umeuchagua mwenyewe. Katekisimu inafundisha hivyo namba 1791, na namba 2409 inaweka ukwepaji kodi kati ya makosa dhidi ya amri ya saba.

Najua wengine mtasema, "Frateri, kodi zenyewe zinaliwa na wakubwa!" Hoja hiyo ina uzito, na viongozi watatoa hesabu mbele za Mungu. Lakini kupinga ni tofauti na kuficha. Mwaka 2014 wanariadha wa Kenya walipodaiwa kodi ya zawadi walizoshinda nje, walilalamika hadharani kwamba wameshakatwa huko huko. Unaweza kukubaliana nao au kuwakatalia, ila walisema kwa sauti na kwa majina yao. Mkristo akiona kodi si ya haki, aseme hivyo mchana kweupe.

Sasa fungua Luka 19:1-10. Zakayo anaposhuka mkuyuni, toba yake ina hesabu ndani yake: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Ukiahidi kurudisha mara nne, lazima ujue ulichukua kiasi gani. Zakayo hakusema "sikujua".

Basi, mdogo wangu, jibu langu ni hili: usisaini bado. Kodi ikidaiwa, TRA itamtafuta mwenye TIN, si mwenye kabichi. Nenda kwa mjomba, mpe shikamoo yake, kisha muulize kwa upole: Kwa nini jina langu? Hesabu nitaziona wapi? Ritani atapeleka nani? Akikuonyesha kila kitu na ukaridhika, mnaweza kufanya kazi pamoja. Akikasirika kwa sababu umeuliza, hapo umeshajibiwa. Kumkatalia si kumvunjia heshima. Huenda ukawa umemwokoa na yeye.

Zoezi la wiki: orodhesha kila mahali jina lako linapotumika kwenye pesa: laini ya simu, kikoba, mkopo, TIN. Penye usichokielewa, uliza kabla ya Jumapili.

Tusali: Ee Bwana, utujalie ujasiri wa kuuliza na moyo wa kupokea jibu. Amina.