MPIRA WA MWISHO WA PAMPU YA ZEGE: UFUNGWE NAMNA GANI?



Somo letu la leo linahusu mashine ambayo huenda hujaiona kijijini kwako. Lakini mwanao, mdogo wako au jirani yako aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua ameiona. Huenda hata amepewa kazi ya kushika ncha yake. Mashine hiyo ni pampu ya zege yenye mkono wa kukunja. Hatutaieleza yote. Tutazungumza hasa juu ya mpira unaoning'inia mwishoni mwa mkono huo. Mpira huo ukifungwa vizuri ni chombo cha kazi. Ukifungwa ovyo, unaua.

Tuanzie Magomeni. Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, ukavuka bonde la Jangwani, umefika. Mwalimu Nyerere aliishi hapo miaka ya 1950, na nyumba yake siku hizi ni makumbusho. Ni nyumba ya chini, ya kawaida tu, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Magomeni. Sasa mambo yamebadilika. Pale Magomeni Kota, ambapo zamani kaya 644 zilikaa katika nyumba za chini, pamejengwa maghorofa yenye makazi 656. Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua Machi 23, 2022. Na Kariakoo, ng'ambo ya bonde, maghorofa yanaota kama uyoga.

Zege la nyumba ya chini hubebwa kwa karai. Vijana hupanga mstari, karai linatoka mkono hadi mkono, nyimbo zinaimbwa, na jioni jamvi limekwisha. Lakini zege la ghorofa ya sita halibebeki hivyo. Likibebwa linachelewa, na zege likichelewa linaanza kuganda. Ndiyo maana wajenzi wa maghorofa hukodi pampu.

Pampu hii hukaa juu ya lori. Nyuma ya lori kuna beseni kubwa la kupokelea zege, na ndani yake kuna mapanga ya kulikoroga. Chini ya beseni kuna bastola mbili zinazosukuma kwa kupokezana: moja ikivuta zege, nyingine inalisukuma. Zege linaingia katika bomba la chuma lililolazwa juu ya mkono mrefu. Mkono huo una vipande vinne au vitano, vimeunganishwa kama mguu wa panzi. Ukikunjuliwa unafika ghorofani. Opereta anauongoza kwa rimoti iliyofungwa kiunoni.

Bomba la chuma linaishia kwenye ncha ya mkono. Hapo ndipo unapoungwa mpira mzito, aghalabu wa mita 3, mwingine hufika mita 4. Ndani ya mpira kuna nyuzi ngumu au waya za chuma za kuutia nguvu. Kazi yake ni kuelekeza zege mahali panapotakiwa: hapa kwenye nguzo, pale katikati ya nondo.

Je, ni nani anayeshika mpira huo? Mara nyingi ni kibarua wa siku. Opereta amefundishwa mashine yake. Fundi ana uzoefu wake. Huyu kibarua ameambiwa tu, "Wewe shika hapo." Sisi tunaona kwamba hili ni jambo baya. Kazi yenye hatari kuliko nyingine anapewa mtu aliyeelezwa kidogo kuliko wengine.

Uzito wa mpira

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu tulijifunza ili zitusaidie. Mabomba mengi ya pampu hizi yana upana wa milimita 125 kwa ndani. Mpira wa upana huo wenye urefu wa mita 3 unachukua zege lita 37 hivi, yaani karibu ndoo mbili za lita 20. Usifikiri ni nyepesi kama ndoo mbili za maji. Lita moja ya maji ni kilo 1, lakini lita moja ya zege ni kama kilo 2 na nusu kasoro kidogo. Basi zege peke yake lililo ndani ya mpira lina uzito wa kilo 88 hivi. Ongeza uzito wa mpira wenyewe, tayari umepita kilo 100.

Sasa fikiria gunia la mahindi la kilo 100 linaning'inia juu ya kichwa chako. Utapenda kujua limefungwa kwa nini, sivyo?

Mpira unaungwa na bomba kwa klempu. Klempu ni pingu ya chuma yenye nusu mbili na mkono wa kubania. Klempu nzuri ina pini ya kuzuia mkono huo usifunguke mashine inapotikisika. Na mashine hii inatikisika sana! Kila bastola inaposukuma, mkono mzima unaruka kidogo. Pini ikikosekana, watu huweka kipande cha waya wa kufungia nondo, au hawaweki kitu kabisa. Klempu inalegea polepole, na aliye chini hajui.

Kwa hiyo klempu peke yake haitoshi. Lazima uwepo mnyororo au kamba ya waya ya usalama. Upande mmoja unafungwa kwenye mpira, chini kidogo ya pale ulipoungwa. Upande wa pili unafungwa kwenye chuma cha mkono wenyewe, si kwenye klempu. Hapo watu wengi hukosea. Ukifunga mnyororo kwenye klempu, klempu ikiachia vyote vinaanguka pamoja. Tena mnyororo usiwe mrefu mno. Mpira ukianguka nusu mita kabla ya kudakwa, unapata nguvu ya kukata hata kiungo kizuri.

Kabla ya kuinua mkono, mpira ukaguliwe ungali chini. Tazama karibu na chuma kinachoubana, maana ndipo unapopasuka kwanza. Ukiona waya za ndani zimetokeza, au mpira umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, huo haufai tena. Usifungwe kiraka. Tazama pia mfereji ambamo klempu inakaa. Zege la jana likiwa limekauka humo, klempu haikai sawasawa hata ukiigonga kwa nyundo.

Ncha ya chini ya mpira iwe wazi, bila chuma chochote. Wengine hufunga pingu ya chuma hapo ili waunge mpira wa pili wafike mbali zaidi. Hiyo ni hatari mara mbili. Mkono umetengenezwa kubeba uzito uliopimwa, nao unazidishiwa. Na mpira ukicheza, chuma hicho kinakuwa rungu.

Kwa nini mpira unacheza?

Hapa, ndugu msomaji, tusome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Unaona hewa inakusukuma? Hewa inabanika, na ikipata nafasi inaruka. Zege halibaniki hivyo. Bomba likijaa zege tupu, linatoka taratibu. Lakini hewa ikiingia katikati, inabanwa nyuma ya zege. Ikifika mdomoni mwa mpira inatoka kwa kishindo, na mpira unarushwa huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa. Mpira wenye kilo zaidi ya 100! Mtu anapigwa kifuani au kichwani, au anatupwa nje ya ukingo wa ghorofa.

Hewa huingia wakati gani? Mwanzo wa kazi, kwa kuwa bomba bado ni tupu. Halafu baada ya kungoja lori jingine la zege. Halafu bomba likifunguliwa kwa usafi na kufungwa tena. Na mara nyingi sana, pale beseni linapoachwa likauke hadi bastola zinavuta hewa badala ya zege. Zege katika beseni lisishuke chini ya mhimili wa yale mapanga. Likishuka, opereta asimamishe pampu angoje. Asimalizie "kidogo kilichobaki."

Sababu nyingine ni bomba kuziba. Kokoto kubwa inakwama, zege nyuma yake linabanwa. Opereta asiye mwangalifu anaongeza nguvu ili azibue. Kizibo kikiachia ghafla, mpira unaruka. Njia iliyo sawa ni kurudisha pampu nyuma ili nguvu iliyobanwa ipungue. Tena klempu yoyote isifunguliwe kabla nguvu hiyo haijatolewa.

Basi wakati wa kuanza, na kila wakati wa kuanza tena, mpira uning'inie wima, huru, na mtu yeyote asiwe karibu. Duara la hatari lina upana wa mara mbili ya urefu wa mpira. Mpira ukiwa wa mita 3, duara ni mita 6 kutoka upande hadi upande. Chukua kamba ya mita 3, simama chini ya ncha ya mkono kabla pampu haijawashwa, mwenzako aizungushe kamba akichora kwa chokaa. Hakuna anayeingia ndani ya chokaa mpaka zege litoke mfululizo bila kukoroma. Sisi tungeongeza hatua mbili nje ya chokaa, maana zege nalo hurusha kokoto.

Zege likitoka vizuri, mshika mpira anakaribia. Asiukumbatie. Asiupitishe katikati ya miguu. Auongoze kwa kamba mbili zilizofungwa karibu na ncha, watu wawili, mmoja kila upande. Kamba ishikwe tu, isizungushwe mkononi wala kiunoni. Wasitembee kinyumenyume penye nondo na mashimo. Mpira usikunjwe, wala mdomo wake usichomekwe ndani ya nondo ukabanwa.

Na kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema. Mtu anasema, "Kwa kuwa unacheza, tuufunge kwenye nondo utulie." Hapana! Mkono wa mashine haujui kwamba mpira umefungwa. Ukisogea, unang'oa nondo, au unapasua mpira, au unavuta mbao na waliosimama juu yake. Mpira unafungwa juu, kwenye mkono, si mahali pengine.

Opereta na mshika mpira waafikiane ishara kabla ya kazi. Makelele ya lori hayaruhusu kuitana. Ishara za kusogeza zitolewe na mtu mmoja. Lakini ishara ya kusimama inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mbeba maji, na opereta aitii papo hapo.

Kazi ikiisha

Watu wamechoka, jua linazama, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Bomba likisafishwa kwa hewa ya kompresa, mpira wa mwisho uondolewe kwanza. Sababu umekwisha kuisoma hapo juu.

Mkono unapokunjwa, mtu asimame mbali akitazama kama mpira haubanwi kati ya vipande. Kisha mpira uwekwe katika kishikio chake, ufungwe kwa mkanda, na mdomo uzibwe. Ukiachwa huru, lori likiwa Barabara ya Morogoro mpira unabembea. Kando ya lori kuna bodaboda, kuna watoto wa shule. Hata kokoto moja inayodondoka kutoka juu yatosha kumtoa mtu jicho.

Nani awajibike?

Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na watu zaidi ya 25 walifariki. Tangu hapo watu wengi wanauliza habari za nguzo na misingi, nasi tunafurahi kwamba wanauliza. Lakini mpira uliolegea haungoji jengo lianguke. Nao pia uulizwe.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Kofia ngumu, gambuti, glovu na miwani si zawadi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao watu huuita OSHA, una kazi ya kukagua. Tena kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, si mfanyakazi. Lakini aliyeumia atahitaji ushahidi kwamba alikuwa kazini. Kwa hiyo kila asubuhi kibarua aone jina lake limeandikwa katika daftari, na alisome mwenyewe.

Kwenye ubavu wa mashine hizi kuna picha za onyo. Maneno yake huwa ya Kijerumani, Kiingereza au Kichina, kutegemea ilikotoka. Picha lakini inasomeka: mtu, mpira uliopinda, na mstari mwekundu. Mwulize opereta akueleze kila picha kwa Kiswahili kabla hujashika kamba. Akikucheka kwamba ni uoga wa mtu wa shamba, mwache acheke, lakini akueleze.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mnyororo wa usalama haufungwi kwenye klempu?

2. Zege katika beseni limebaki kidogo, na lori jingine limekwama kwenye foleni Magomeni Mapipa. Opereta afanye nini? Lori likifika, mshika mpira akae wapi?

3. Mpira una urefu wa mita 4. Duara la hatari lina upana wa mita ngapi? Chukueni kamba, mlichore nje ya darasa, kisha mhesabu ni watu wangapi wanaotosha kusimama ndani yake.