Mtutu wa kulengea visahani

SWALI: Naishi Ohio, Marekani. Nina Remington 870 ya geji 12, yenye mtutu mfupi wa kulindia nyumba. Nataka kuanza kulenga visahani vya udongo. Ninunue mtutu gani?

JIBU: Tafuta wa inchi 28 au 30, wa 870 na geji hiyohiyo, wa modeli 1100 haukufai. Urefu hauongezi kasi ya marisau kwa kiasi cha kujali. Unachonunua ni uzito wa mbele, ili bunduki isisite unapofuata kisahani.

Kikubwa zaidi ni mahali marisau yanapotua. Katika mchezo wa trap, kisahani hupigwa kikiwa bado kinapanda, ndiyo maana mitutu mingi ya mchezo huu ina ukanda wa kulengea ulioinuliwa, na hupiga juu kidogo ya unapolenga. Kabla hujalaumu jicho, piga karatasi kubwa uone.

Chagua wenye choki za kubadilisha. Ukisimama yadi 16 nyuma ya mashine ya kurusha visahani, choki ya kati inatosha. Ukirudishwa nyuma hadi yadi 27, funga inayobana kabisa. Chemba ya inchi 3 usiilipie zaidi, kwani risasi za mchezo huu ni za inchi 2¾.

Mtutu uliotumika wenye mbonyeo, mwachie muuzaji.