Nyimbo za Kwaya kwa Kompyuta: Tuchague Programu Gani?

Kwaya zetu nyingi hufundishwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mwalimu huandika ubaoni, wanakwaya hunakili. Siku mchwa wakila daftari, wimbo umekwenda. Ndiyo maana walimu wengine sasa huandika nyimbo kwa kompyuta.

Programu za kazi hii ziko nyingi. Sibelius na Dorico ni nzuri, lakini zile kamili hulipiwa. MuseScore ni ya bure, na ukishaiweka unaandika bila intaneti. Inaandika nota kwenye mistari 5, halafu inakupigia ulichoandika. Unaweza kuzima sauti nyingine ili watu wa besi wasikie yao tu. Jamani, kwa mwalimu asiye na kinanda huo ni msaada mkubwa! Zile herufi zetu utaziandika chini ya nota, kama maneno ya wimbo.

Lakini usiulize bei tu. Uliza pia: je, wimbo wangu nitaweza kuutoa humo? Finale ilianza mwaka 1988, na watu wakatunga nayo kwa zaidi ya miaka 30. Agosti 2024 kampuni yake ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Wenye nyimbo humo wakashauriwa kuzihamisha. Njia ya kuhamisha ni kuhifadhi wimbo kwa mtindo wa MusicXML, ambao programu nyingi za muziki huusoma. Basi kila ukimaliza wimbo, hifadhi nakala ya namna hiyo, kisha chapa nyingine kwenye karatasi. Umeme ukikatika, mazoezi yataendelea.