Lugha ya Kufundishia Kazi ya Simu: Funzo kutoka Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Mnara wa simu ukinyamaza Kabambare, uliza watu sokoni kumetokea nini: utajibiwa kwamba rezo hakuna. Kwa mteja jibu hilo linatosha. Ataweka simu mfukoni na kungoja. Kwa fundi halitoshi hata kidogo, kwa sababu neno rezo linabeba hitilafu nne au tano zisizofanana, na kila moja ina dawa yake. Katika makala haya ninajadili swali moja: vijana wa Maniema ya kusini wafundishwe kazi ya mawasiliano ya simu kwa lugha gani? Msimamo wangu ni kwamba hatua ya kwanza ya mafunzo hayo ifanyike kwa Kiswahili cha hapa hapa, na kwamba Kitivo cha Lugha kina kazi ya kufanya katika jambo ambalo wengi wameliachia wahandisi peke yao.

Ninaandika kama mzaliwa wa Kasongo na mwanafunzi wa lugha. Sidai kuwa fundi wa mitambo. Lakini anayejifunza kutoka kwa fundi hujifunza kwa maneno, na maneno ndiyo shamba letu.

Waliotangulia

Habari zilisafiri kwetu kabla ya waya na mitambo. Katika karne ya 19, Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vya misafara iliyotoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji. Wafanyabiashara wa kundi la Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, walipelekeana barua kwa mikono ya matarishi. Ndiyo maana Kiswahili cha Kasongo hata leo kina ladha ya pwani kuliko Kiswahili cha miji mingi ya Kongo. Tusisahau kwamba misafara hiyo hiyo ilibeba pembe na watumwa. Lugha tuliyorithi ilikuja na jasho na machozi ya watu.

Baadaye wakaja Wabelgiji, walioiteka Kasongo mwaka 1893. Kati ya mwaka 1911 na 1913 walijenga mlolongo wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka pwani ya Atlantiki hadi Katanga, na Kindu ilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Shule ya kuandaa waendeshaji wake ilifunguliwa Laeken, Ubelgiji. Tazama mpangilio huo: mtambo umesimama kando ya mto Lualaba, shule iko ng'ambo ya bahari. Simu za mkononi zilianzia Kinshasa mwaka 1986 kupitia kampuni ya Telecel, na sekta nzima ikapata sheria yake mwaka 2002, ikabadilishwa na sheria mpya ya mwaka 2020. Mitambo imebadilika mara nyingi. Mpangilio wa elimu haujabadilika sana: mtambo uko hapa, na anayeufahamu anatoka mbali.

Shule ya foni

Hata hivyo, ipo elimu moja ya mawasiliano iliyokita mizizi kwetu bila kungoja shule ya mbali. Hiyo ni elimu ya foni, yaani redio ya masafa marefu iliyotumiwa na misheni, hospitali, mashirika na wafanyabiashara kabla minara haijafika. Mfonisti alijifunza kwa kukaa ubavuni mwa mfonisti mwingine. Alifundishwa saa za kuita, namna ya kutaja herufi moja moja ili jina lisipotee katika kelele, namna ya kutunza batri na pano la jua, na namna ya kutandika waya wa antena kati ya miti miwili.

Elimu hiyo ilikuwa na sayansi ndani yake. Mawimbi ya foni hupanda angani, yakakutana na tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, kisha yakarudishwa ardhini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo sababu Kasongo iliweza kuzungumza na Bukavu bila mnara hata mmoja katikati. Tabaka hilo hubadilika kwa jua: mchana masafa ya juu hufanya kazi vizuri, usiku masafa ya chini. Urefu wa antena nao hufuata masafa. Kwa megahezi 7, wimbi moja lina urefu wa karibu mita 43, na antena ya nusu wimbi huwa karibu mita 20. Mfonisti aliyesema "usiku tushuke chini, huku juu hatusikilizani" alikuwa akitumia kanuni hiyo kwa usahihi, ingawa hakuwahi kusoma jina la tabaka lenyewe.

Funzo ninalolipata hapa ni dogo lakini lina uzito. Watu wetu waliendesha mitambo migumu kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi, foni inamjibu.

Neno moja, hitilafu nne

Turudi kwenye mnara. Penye mnara wa vijijini kwa kawaida kuna mlinzi, grupu la mafuta au mapano ya jua, kabati la batri, mitambo ya redio, na kiungo kinachopeleka mazungumzo kwenye mnara mwingine au kwenye setilaiti. Fundi haishi hapo. Kutoka Kindu hadi Kasongo ni kama kilomita 240, na wakati wa mvua barabara hiyo hupimwa kwa siku, si kwa saa. Kabambare iko mbele zaidi. Mlinzi ndiye macho na masikio ya fundi.

Mlinzi akipiga foni au akituma ujumbe kwa mwendesha pikipiki kusema "rezo imekatika", fundi amepata nini? Huenda umeme umekwisha mnarani: mafuta hakuna, au batri zimechoka. Huenda umeme upo, lakini kiungo kimekatika, kwa hiyo simu zinaonyesha alama za mnara na bado haziendi popote. Huenda kiungo kipo, lakini njia imejaa, kama siku ya soko watu wote wanapopiga kwa pamoja. Tena huenda mnara ni mzima kabisa na hitilafu iko kwenye simu ya aliyelalamika. Fundi asiyejua ni ipi kati ya hizo atabeba kifaa kisicho sahihi, atasafiri siku mbili, kisha atarudi kukifuata kinachohitajika.

Muda huo wote gharama inalipwa na watu wengine. Mjamzito anayepaswa kupelekwa hospitali hana wa kumwitia pikipiki. Mama aliyetumiwa ada ya mtoto hawezi kuitoa. Kijiji kilichosikia milio ya bunduki upande wa Salamabila hakiwezi kuwaonya jirani. Tofauti kati ya "rezo imekatika" na "umeme upo, kiungo kimekatika" ni maneno machache ya ziada, na maneno hayo yanafundishika kwa asubuhi moja.

Nitoe mfano wa pili, wa hatari zaidi. Mitambo mingi ya minara hutumia umeme wa volti 48. Batri nne za volti 12 zikiunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, hutoa volti 48. Zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hubaki volti 12. Fizikia ya Kiswahili ina maneno haya mawili, mfululizo na sambamba, lakini kijana wa Kasongo aliyesoma shule kwa Kifaransa hajakutana nayo, na Kifaransa chenyewe huenda alikikariri bila kukielewa. Amri iliyoeleweka nusu mbele ya kabati la batri huunguza mitambo, na pengine humuunguza mtu.

Maneno gani?

Hapa tunaingia katika mjadala wetu wa kila siku kitivoni. Je, tulete istilahi za Dar es Salaam, au tubaki na maneno ya mtaani? Tanzania imefanya kazi ya kusifiwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha hii inaingia kwenye kompyuta bila shida. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya kuelewana na majirani imeongezeka.

Lakini istilahi haihami kama mzigo. Tazama M-Pesa. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Jina lake lina neno la Kiswahili, na bado kwetu wengi husema feza au franka wanapotaja pesa yenyewe. Jina lilikubaliwa, mazungumzo yakabaki yalivyokuwa. Vivyo hivyo Mtanzania husema mtandao, jenereta na salio. Sisi tunasema rezo, grupu na inite.

Pendekezo langu ni hili: mwalimu aanze na neno ambalo mwanafunzi analo mdomoni, alipe mipaka, kisha amwongezee neno la pili la majirani na la tatu la Kifaransa. Rezo ibaki rezo, ila iwe na sehemu zake: umeme, redio, kiungo, njia. Kwa njia hiyo mwanafunzi hapotezi alichonacho, na mlango wa vitabu haufungwi.

Pingamizi

Najua watakaosema kwamba miongozo ya mitambo imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza na hubadilika kila mwaka. Ni kweli. Shule za kikanda nazo, ile ya Dakar iliyoanzishwa mwaka 1981 na AFRALTI ya Nairobi, hufundisha kwa lugha hizo. Mhandisi anazihitaji, na sipendekezi azikose. Lakini mlinzi, mwuza inite, wakala wa feza na mtengeneza simu hawahitaji mwongozo wa kurasa 400. Wanahitaji kurasa mbili: hatua za usalama, na namna ya kueleza hitilafu. Kurasa hizo hazibadiliki upesi.

Wengine watauliza kuhusu Kibangubangu, Kizimba na Kikusu. Swali hilo ni la haki, kwa sababu Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtu Kabambare. Ila ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya mwaka 2006, na ndiyo lugha ya soko na ya barabara. Tuanze nayo, tukiwaacha walimu wavuke kwenda lugha ya kijiji pale inapobidi.

Hitimisho

Mwaka 1984 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Donald Maitland ilihimiza kwamba kila binadamu awe karibu na simu mwanzoni mwa karne hii. Minara imesogea. Ujuzi umechelewa nyuma yake.

Ninapendekeza kitivo chetu kianze na mambo matatu. La kwanza, tukusanye maneno ya mafundi, wafonisti wa zamani na mawakala kabla hayajapotea pamoja na waliokuwa wakiyatumia. La pili, tuandike na kujaribu fomu ya ukurasa mmoja ya kuripoti hitilafu, kwa Kiswahili anachokijua mlinzi wa Kabambare. La tatu, anayehitimu mafunzo yoyote ya simu apewe mtihani wa mdomo: amweleze mwenzake asiyejua Kifaransa kwa nini mnara umenyamaza. Akieleweka, amefaulu. Asipoeleweka, arudi darasani, na sisi watu wa lugha turudi naye.