Safari ya Nje Huanzia Kwenye Mkataba wa Nyumbani

Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakafungwa nyumbani na ugenini. Mechi zile zilizaa mambo mawili. La kwanza kila shabiki analijua: Mazembe walimwona kijana Mbwana Samatta, wakamchukua kwenda Lubumbashi. La pili limesahaulika. Mazembe, bingwa mtetezi, waliondolewa mashindanoni baada ya Simba kulalamika kwamba beki Janvier Bokungu alichezeshwa ilhali uhamisho wake kutoka Espérance ya Tunisia ulikuwa na utata. Walishinda uwanjani, wakatolewa na makaratasi.

Kijana anayetamani soka la kulipwa huliangalia lile la kwanza tu. Mimi namshauri aanze na la pili.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Huku mchangani kumpunguzia mchezaji miaka ili acheze mashindano ya vijana limekuwa jambo la kawaida, na wanaolifanya hudhani wanamsaidia. Siku klabu ya nje inapomtaka, pasipoti inasema hili, usajili wa zamani unasema lile, na dirisha la usajili linafungwa watu wakiwa bado wanabishana. Tarehe iwe moja kila mahali, kuanzia shule hadi kadi ya timu.

Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Kwa hiyo mtu akija kwa mzazi wa mtoto wa miaka 15 akidai ameshampatia klabu Ulaya na kinachobaki ni fedha za viza na tiketi tu, mzazi amkaribishe chai, kisha amsindikize hadi barabarani. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA aliyoipata kwa kufanya mtihani, na jina lake linaonekana kwenye tovuti yao. Yeye hulipwa kamisheni dili likishakamilika. Mkataba wako naye hauruhusiwi kuzidi miaka 2, hata kama ni mjomba wako aliyekununulia viatu vya kwanza. Mjomba anastahili shukrani na pengine nyumba, lakini asilimia ya maisha yako yote hapana.

Sasa mkataba wa klabu ya nyumbani, ambako wengi hujifunga wenyewe. Fedha za usajili zinawekwa mezani, kijana hajawahi kuziona nyingi kiasi hicho, na swali la miaka mingapi linapita bila kuulizwa. FIFA inaruhusu hadi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 isizidi 3. Ningekuwa na umri wa miaka 20 na miguu mizuri, ningesaini miwili au mitatu. Ikibaki miezi 6, kanuni inakuruhusu kufanya makubaliano na klabu nyingine na kuondoka mkataba ukiisha, na klabu nyingi za ligi za kati huko nje hupenda mchezaji huru kuliko wa kununua. Ila usiwafiche waajiri wako. Klabu inayohisi utaondoka bure inaweza kukuweka benchi msimu mzima, na hakuna skauti anayekuja kutazama benchi.

Njia ya kati ni kipengele cha kuvunja mkataba kwa kiasi kinachotajwa. Hapo usiridhike na tarakimu peke yake. Mwishoni mwa 2022 Feisal Salum, mchezaji wa Yanga, aliirudishia klabu yake fedha ili avunje mkataba, akiamini amemalizana nao. Kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi kadhaa, hadi pande zote zilipoelewana katikati ya 2023 akaenda Azam. Kipengele chako kieleze kiasi, nani anaarifiwa, kwa barua ipi, ndani ya kipindi gani cha msimu. Mlipe mwanasheria akusomee. Ada yake ni ndogo kuliko msimu mmoja wa kukaa nyumbani.

Kuhusu wapi pa kwenda, nitasema kwa ufupi: nenda utakakocheza. Samatta alikaa Mazembe zaidi ya miaka 4, katika mji ambao mitaani wanazungumza Kiswahili, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015 akiwa na mabao 7 katika mashindano hayo. Genk walimchukua Januari 2016. Michael Olunga alitoka Gor Mahia akapita Sweden, China na Hispania, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi ya Japani na kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kabla ya kusaini, hesabu wanaocheza nafasi yako pale na uulize ligi inaruhusu wageni wangapi. Wakala asiye na majibu hayo hajafanya kazi yake.

Mkataba wa nje usome kwa jicho jingine. Mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au baada yake? Kwa fedha ya nchi gani? Nyumba na tiketi za kurudi likizo zimeandikwa, au ni maneno ya mtu uwanja wa ndege? Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini, kwa sababu kanuni haikubali mkataba unaotegemea majibu ya daktari au kibali cha kazi.

Halafu mishahara ikichelewa, andika. Klabu ikikudai uvumilivu huku ikikunyima mishahara ya miezi miwili, unaweza kuipa notisi ya maandishi yenye siku zisizopungua 15, na isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Simu na malalamiko kwa kocha havihesabiki. Mgogoro na klabu ya nje unaweza kufika FIFA, kama Simon Msuva alivyofanya dhidi ya Wydad Casablanca na kushinda, ila isipite miaka 2 kabla ya kufungua shauri. Mtanzania anayegombana na klabu ya Tanzania huanzia kwenye kamati za TFF.

Kila karatasi uliyosaini iwe na nakala kwenye barua pepe yako na ya mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma mikataba. Usizitegemee picha za WhatsApp kwenye simu utakayoibadilisha ukipata mshahara wa kwanza.