SOMO: TUCHUNGUZE MASWALI YA HESABU TUNAYOWAPA WATOTO



Wengi hufikiri kwamba hesabu haihusiani na amani. Lakini mara nyingi watoto wa wakimbizi wa ndani na watoto wa wenyeji wanakaa kwenye benchi moja. Swali linalosomwa mbele yao laweza kuwaunganisha au kuwatenganisha. Kabla ya kuliandika ubaoni, tuangalie mambo manne.

1. Je, swali lina maana?
Karibu mwaka 1980, huko Grenoble, Ufaransa, watafiti waliwauliza watoto 97: merikebuni mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana miaka mingapi? Watoto 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo, ingawa swali halina jibu. Walizoea kushika namba na kuacha maana. Mtoto awe na ruhusa ya kusema: "Mwalimu, swali hili halijibiki."

2. Je, maneno yanajulikana?
Mtoto ambaye hajaona garimoshi aweza kushindwa kwa sababu ya neno, wala si kwa sababu ya hesabu. Tutumie pikipiki, mihogo, bidoni.

3. Je, jibu linafaa katika maisha?
Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada hufuata, zinataka kila mtu apate angalau litri 15 za maji kwa siku. Basi jamaa ya watu 6 inahitaji litri 90. Bidoni moja ni litri 20. Ijazwe mara ngapi? 90 ÷ 20 = 4,5. Lakini bidoni 4 hazitoshi, kwa hiyo ni lazima kwenda kisimani mara 5. Anayejibu "4,5" amegawanya vizuri, ila hajamaliza kufikiri.

4. Je, swali linamuumiza mtu?
Tuchukue mfano huu: "Wakimbizi 20 waliiba mahindi 60 shambani kwa mwenyeji. Kila mmoja aliiba mangapi?" Mtoto mkimbizi atainamisha kichwa, na wenzake watajifunza kumwita mwizi. Tulirekebishe hivi: "Jamaa 12 za wenyeji na jamaa 8 za wakimbizi zililima pamoja, zikavuna mifuko 60 ya mahindi. Zikigawana sawasawa, kila jamaa itapata mifuko mingapi?" Hesabu ni ileile, 60 ÷ 20 = 3, lakini somo la moyoni limegeuka.

Maswali ya kujadili katika kikundi
- Jamaa moja ina watu 3, nyingine ina watu 9. Je, kugawana sawasawa ni haki? Mungegawa namna gani?
- Chukueni daftari la mtoto mmoja. Someni maswali yake pamoja na mwalimu. Lipi linahitaji kurekebishwa?
- Tungeni swali moja juu ya kazi ambayo wenyeji na wakimbizi wanafanya pamoja, kisha mpeni mwalimu.

Watoto wetu wamekwisha kuhesabu hasara nyingi. Tuwape na mambo mema ya kuhesabu.