Dondoo muhimu: Kuisoma picha ya saa zilizolegea

Picha ya Salvador Dalí ya mwaka 1931, iliyoko Museum of Modern Art, New York, hufasiriwa haraka kuliko inavyotazamwa. Ukiwa mbele yake au mbele ya nakala yake, fanya hivi.

1. Taja unachokiona kabla ya kusema kina maana gani.
2. Hesabu saa: ziko nne, tatu zimelegea na moja ni ngumu, imelala kifudifudi huku sisimizi wameizonga.
3. Kumbuka ukubwa wake, takriban sentimita 24 kwa 33 tu. Mabango makubwa hupotosha.
4. Sogea karibu umwone nzi juu ya saa iliyo ukingoni.
5. Inamisha kichwa utazame kile kiumbe laini cha katikati: jicho limefumba, kope ni ndefu, pua imelala chini, na wengi humtambua Dalí mwenyewe.
6. Usidhani kila kitu ni ndoto. Majabali ya nyuma ni ya pwani ya Katalunya, aliyoijua tangu utotoni.
7. Usikimbilie kueleza saa zilizolegea kwa nadharia ya Einstein kuhusu wakati, kosa linalorudiwa mno. Dalí mwenyewe alitaja jibini la Camembert lililoyeyuka kuwa chanzo chake.
8. Weka kando vitabu vya tafsiri ya ndoto. Sisimizi wafuatilie katika kazi zake nyingine, ambamo huandamana na uozo na kifo.
9. Andika hisia yako ya kwanza kabla ya kusoma maelezo ya ukutani.